Kukanda misuli ya mwanamichezo: kalenda kwanza, mkono baadaye

Mkandaji aliyezoea wateja wa shingo ngumu na migongo ya kukaa ofisini akipata mkimbiaji wa kwanza, kosa lake kwa kawaida haliko kwenye vidole. Vidole vinajua kazi. Kosa ni kumkanda mtu Jumatano jioni kana kwamba Alhamisi asubuhi hana fatleki, yaani mbio za kubadilisha kasi, mara haraka mara polepole. Kina ambacho kingemfaa karani wa Nakuru mjini kinamwacha mwanariadha na miguu mizito siku moja au mbili, na mazoezi aliyopangiwa na kocha yanaharibika. Kwa hivyo kabla ya mafuta na taulo, jua ratiba ya anayelala mezani.

Mwongozo huu ni wa mkandaji aliye na mafunzo ya msingi na anayetaka kuhudumia wakimbiaji wa Iten, Kaptagat na Eldoret, au timu za mpira na raga za Nakuru, Kakamega na Kisumu.

Tuondoe kwanza jambo moja linalosemwa sana kambini. Kukanda hakutoi “asidi” miguuni. Lakteti, ambayo ndiyo wanayoiita asidi, huondoka yenyewe kwenye damu kwa muda wa saa moja hivi baada ya mazoezi, na kutembea au kukimbia polepole huiondoa haraka kuliko mikono ya mtu yeyote. Wala kukanda hakumwongezei mtu kasi. Kazi yake ni nyingine: kupunguza kiasi maumivu yanayokuja siku ya pili na ya tatu baada ya mazoezi magumu, kulegeza kiungo kidogo, kumtuliza mtu. Tena mkandaji anayemshika mwanariadha yule yule kila wiki hugundua mguu uliobadilika kabla mwenyewe hajaanza kuchechemea. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa, ingawa hakuna anayelipia kwa jina hilo.

Maswali kabla ya mafuta

Muulize akiwa amekaa, viatu bado mguuni.

“Leo umefanya nini? Kesho uko na nini? Mashindano ni lini?” Majibu matatu hayo ndiyo yanayoamua uzito wa mkono, na tutayarudia. Kisha: maumivu yako wapi hasa, yalianza ghafla au polepole, na je, yanamwamsha usiku? Mwache aonyeshe mahali mwenyewe. Anayepitisha kiganja kizima juu ya paja kwa kawaida anazungumzia msuli. Anayegusa sehemu moja ya mfupa wa muundi kwa ncha ya kidole anakuambia jambo jingine kabisa.

Usisahau kuuliza kama amemeza dawa ya maumivu siku hiyo. Wakimbiaji wengi humeza diklofenaki au ibuprofeni bila kuona kama ni habari ya kutaja. Dawa ikiwa mwilini, akikuambia “kaza tu, sisikii kitu”, neno lake si kipimo. Siku hiyo mkono uwe mwepesi, hata akilalamika.

Kuna hali ambazo hukandi kabisa, unamwelekeza hospitali:

- Shavu moja la mguu limevimba, lina joto na linauma, hasa baada ya safari ndefu ya basi au baada ya kulala na jeraha. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Kuikanda kunaweza kuing'oa na kuipeleka kwenye mapafu.
- Maumivu ya nukta moja kwenye mfupa wa muundi, wayo au nyonga, yanayozidi akirukaruka kwa mguu mmoja au yanayouma hata akipumzika. Chukulia ni ufa wa mfupa hadi daktari aseme vinginevyo.
- Mkojo wa rangi ya chai ya strungi baada ya mazoezi makali, na misuli imevimba na haina nguvu. Misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Ni safari ya siku hiyo hiyo.
- Homa. Kisumu na Busia mtu mwenye baridi na maumivu ya viungo apimwe malaria kwanza.
- Mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa damu) aliyepatwa na maumivu makali ya mifupa. Ukanda wa ziwa una wengi wenye ugonjwa huo, na maumivu hayo hayatibiwi kwa mikono.
- Vipele vyenye maji, majipu, mapunye. Wachezaji wa raga huambukizana haya kwa kugusana, na taulo lako lisiwe daraja.

Uzito wa mkono kwa saa

Mpe mwanariadha kipimo cha 0 hadi 10: sifuri hasikii kitu, kumi hawezi kuvumilia. Mwambie ataje namba kila unapobadilisha mahali. Anayekunja ngumi, kubana meno au kushika pumzi huku akisema “nne” amepita saba. Amini mwili wake.

Siku ya mashindano usivuke 3. Kukanda kwa kawaida katikati ya wiki ni 4, labda 5. Kazi nzito inaishia 6, na iwe imebaki saa 36 hadi 48 kabla ya mazoezi magumu yanayofuata. Watu wengi hapa wamezoea mkono wa kuliza, na mkandaji asiyeliza huonekana hajui kazi. Ni mazoea mabaya. Msuli unaoumizwa hujikaza kujilinda, kwa hiyo unapigana na kitu ulichokuja kulegeza. Ngozi ikivilia damu kesho yake, hukutibu. Umeongeza jeraha dogo juu ya uchovu.

Chukua wiki inayojulikana Iten: Jumanne uwanjani, Alhamisi fatleki, Jumamosi mbio ndefu, Jumapili mapumziko, siku nyingine ni kukimbia polepole. Iandike kwenye karatasi na utaona nafasi ya mkono mzito ni moja tu, Jumapili alasiri. Mbio ndefu zimepita kwa zaidi ya siku moja, na hadi Jumanne asubuhi kuna karibu saa 40. Jumatano na Ijumaa ni dakika 20 hadi 30 za mkono mwepesi. Na hata hiyo Jumapili, kama Jumamosi alikimbia kilomita 38 za vilima na sasa anashtuka ukimgusa tu paja, acha kazi nzito. Msuli wenye maumivu ya siku ya pili tayari umechanika kwa kiwango kidogo sana kisichoonekana, na kuubonyeza kwa kina hakuharakishi kupona.

Wiki ya mashindano makubwa, kazi nzito ya mwisho iwe siku nne au tano kabla. Baada ya hapo ni mkono mwepesi peke yake, na usijaribu jambo jipya lolote: si mafuta mapya, si mbinu mpya, si kubonyeza mahali ambapo hujawahi kubonyeza. Baada ya marathoni, siku tatu za kwanza ni viganja vyepesi tu.

Shavu la mguu, hatua kwa hatua

Hapa ndipo wakimbiaji wa nyanda za juu wanaleta kazi nyingi. Barabara za murram zinapanda na kushuka, na kila mpando unabebwa na shavu la mguu.

Kwanza pima. Asimame bila viatu akitazama ukuta, asogeze goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka, kisha arudishe mguu nyuma kidogo kidogo hadi goti liguse kwa shida. Pima kwa utepe kutoka ncha ya kidole gumba cha mguu hadi ukutani. Wengi hupata kama sentimita 10. Namba yenyewe si muhimu sana. Tofauti kati ya mguu na mguu ndiyo muhimu. Ikifika sentimita 2, iandike, na upime tena ukimaliza.

Meza iwe ya kimo cha vifundo vya ngumi yako ukisimama wima, mkono umening'inia. Ikiwa juu zaidi utatumia mabega badala ya uzito wa mwili, na jioni utalala na maumivu yako mwenyewe. Alale kifudifudi, taulo lililokunjwa chini ya vifundo vya miguu. Mafuta nusu kijiko cha chai kwa mguu yanatosha. Yakizidi, mkono unateleza juu ya ngozi na husikii kilicho chini.

Anza na viganja viwili kutoka juu ya kisigino hadi chini ya goti, polepole, dakika mbili kila mguu. Hapa hutibu, unasikiliza: upande upi una joto, upi umekaza, upi umejaa. Kisha tumia ngumi laini au kigasha kwa msuli wa juu. Mguu umenyooka, kila mvuto uchukue sekunde 8 hadi 10, mivuto sita au saba, daima kuelekea kwenye goti. Simama vidole vitatu kabla ya kufika kwenye kibonde cha nyuma ya goti. Mle ndani mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu iko karibu na ngozi, hakuna sababu ya kuibonyeza.

Sasa ule msuli ambao wengi hawaufikii. Chini ya msuli wa juu kuna mwingine mpana, mwembamba, ambao hauvuki goti, na ndio unaobeba kazi mtu anapopanda mlima huku goti limekunjwa. Ukikanda mguu ulionyooka unagusa ule wa juu peke yake. Kunja goti hadi pembe mraba, shika kifundo kwa mkono mmoja au kiegemeze begani mwako. Utaona shavu limelegea na kuning'inia. Weka kidole gumba nyuma tu ya ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi, kama theluthi moja kutoka kifundoni, na ubonyeze kwa upole kuelekea katikati ya mguu. Usiubonyeze mfupa. Ukipata mahali anapotaja 5, kaa hapo sekunde 30 hadi 45 huku yeye akipandisha na kushusha wayo polepole mara nane au kumi. Sogea juu kwa upana wa vidole viwili, rudia, hadi katikati ya mguu. Fanya vivyo hivyo upande wa nje, lakini chini ya goti upande huo kuna kifundo cha mfupa ambapo mshipa wa fahamu unapita juu juu. Akisema anasikia ganzi au umeme unashuka hadi wayo, ondoa mkono mara moja. Ukiendelea kubonyeza pale unaweza kumdhoofishia uwezo wa kuinua wayo.

Fundo lisilolegea baada ya sekunde 90, liache, urudi baadaye. Likirudi mahali pale pale wiki tatu mfululizo, tatizo si fundo. Tazama viatu vilivyoisha upande mmoja, uliza kama kocha ameongeza vilima, au mpeleke kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo.

Kano ya kisigino yenyewe ina sheria zake. Ikiwa inauma asubuhi hatua za kwanza, inalegea akipata joto na kuuma tena jioni, usiisugue. Kano ya namna hiyo hupona kwa kubebeshwa mzigo kwa mpangilio: kuinua visigino juu ya ngazi, seti 3 za mara 15, kwa wiki kama 12, mpango ukisimamiwa na fizio. Wewe fanyia kazi shavu lililo juu yake. Mkandaji anayesugua kano kila siku humpa mtu nafuu ya saa mbili na kumchelewesha miezi.

Malizia kwa wayo, dakika mbili kwa gumba kutoka kisigino kuelekea vidole, kisha mrudishe ukutani umpime. Ikiongezeka sentimita moja, vizuri. Isipoongezeka na bado kifundo kimeziba mbele, huenda kizuizi ni cha kiungo wala si cha msuli, na mikono yako haitakiondoa.

Paja

Nyuma ya paja, jihadhari na sehemu mbili. Juu kabisa, kwenye mfupa wa kukalia, maumivu yanayozidi akikaa kwenye kiti kigumu cha matatu ni ya kano. Usipeleke kiwiko pale, wala usimvute mguu kwa nguvu, kwa sababu kano hiyo huumia zaidi ikibanwa dhidi ya mfupa. Katikati ya paja, maumivu yaliyokuja ghafla akiwa kasi, pengine kwa mlio, ni msuli uliochanika. Usiguse hapo kwa siku tatu za kwanza. Baadaye, kwa ruhusa ya fizio, kanda kando kando yake kwa mkono wa 2 au 3.

Mbele ya paja ndiko kosa baya zaidi la mkandaji wa raga liliko. Mchezaji amepigwa goti la mwenzake kwenye paja, amevilia damu ndani, anakuja kesho yake anataka “uvunje” uvimbe. Ukiukanda, damu inamwagika zaidi ndani ya msuli na inaweza kugeuka mfupa, donge gumu litakalomweka nje ya uwanja miezi. Linalofaa saa 24 za kwanza ni kukunja goti hadi pale anapovumilia, kufunga bandeji, barafu iliyozungushiwa kitambaa dakika 15 kwa wakati, na kumkataza pombe jioni hiyo. Timu nyingi hapo ndipo zinaposhindwa.

Siku ya mchezo

Mashindano ya raga ya wachezaji saba kila upande, kama yale ya Prinsloo ya Nakuru au Dala ya Kisumu, yana michezo kadhaa kwa siku moja. Mchezaji mmoja anapata dakika tano hadi nane kwako, si zaidi. Kabla ya mchezo, mkono uwe wa haraka: kutikisa paja, kusugua kwa viganja juu ya kaptula, kupiga kwa ukingo wa kiganja kwa wepesi. Mkono wa polepole humlaza mtu, na unamtaka macho. Baada ya hapo aende akapashe misuli moto mwenyewe, kwa sababu kukanda hakuchukui nafasi ya kukimbia.

Usipake mafuta mikononi mwa mchezaji wa raga wala golikipa, na ufute viganja vyako kabla ya kumshika, la sivyo mpira wa kwanza utamponyoka na watu watajua ni kazi ya nani. Krimu za moto nazo ziache. Chini ya jua la uwanja wa Mamboleo, Kisumu, na jasho juu yake, huunguza ngozi.

Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya bahari na ina joto na unyevu; anayetoka Iten, mita 2,400, haujazoea mwili wake hali hiyo. Akija baada ya mchezo amechanganyikiwa, anatapika au anayumba, hiyo si kazi ya meza. Kivulini, maji ya baridi mwilini, umwite mhudumu wa afya.

Msuli ukikakamaa, usiupige wala kuukamua. Unyooshe polepole: kwa shavu la mguu, nyoosha goti na kusukuma wayo kuelekea kwake, shikilia sekunde 30, huku yeye mwenyewe akijaribu kuvuta vidole juu. Ukiachia, ndipo ukande kwa viganja. Ukikakamaa tena mara mbili, amemaliza siku.

Baada ya mchezo wa mwisho, mwache kwanza atembee dakika 10, anywe, abadilishe nguo zilizolowa. Kisha dakika 10 hadi 15 za viganja kuelekea moyoni.

Unachopaka

Mafuta ya nazi au ya alizeti yanatosha kwa kazi yote hii. Wengine hutumia Arimis, mafuta mazito ya kukamulia ng'ombe, na haina ubaya, ila ni nzito na inabaki kwenye taulo. Mimina kwenye kisahani cha kila mtu. Usichovye vidole kwenye chupa ya wote.

Dawa za kupaka ni habari nyingine. Machi 2024 mchezaji tenisi wa Italia, Jannik Sinner, alipatikana na chembe za klostebo, dawa iliyopigwa marufuku. Maelezo yaliyokubaliwa ni kwamba mtu aliyekuwa akimkanda alijikata kidole, akakitibu kwa dawa ya kupulizia iliyokuwa na klostebo, akaendelea kumkanda bila glavu. Sinner alifungiwa miezi mitatu mwaka wa 2025, na dawa hakuipaka yeye. Kwa hiyo kidonda chako ukifunge na uvae glavu, soma karatasi ya kila krimu inayokaribia mikono yako, na usimpake mwanariadha kitu kisicho na lebo kilichonunuliwa sokoni. Ukiwa na shaka, mwanariadha aulize ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, kabla, si baada ya kupimwa.

Wanafunzi na wanariadha wa viti vya magurudumu

Mwanafunzi akandwe mbele ya mwalimu au mzazi, mlango wazi, akiwa na kaptula na fulana. Hata kwa watu wazima, eleza utakakogusa kabla ya kugusa, funika usikokanda, na mwanamke akitaka mkandaji wa kike asilazimike kueleza sababu. Kijana wa miaka 11 hadi 15 mwenye donge linalouma chini tu ya pia ya goti yuko kwenye ukuaji. Usibonyeze donge, kanda mbele ya paja kwa wepesi na uzungumze na kocha apunguze kuruka. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, kazi iko mabegani na kwenye vigasha. Sehemu isiyo na hisia, kipimo cha 0 hadi 10 hakifanyi kazi pale: tumia kiganja pekee, na ukague ngozi kama ina wekundu usioisha.

Daftari

Andika tarehe, mazoezi ya jana na ya kesho, ulikogusa, namba aliyotaja, vipimo vya ukutani. Kesho yake asubuhi mtumie ujumbe: miguu imeamkaje? Akijibu kwamba iliuma hadi jioni, wiki ijayo punguza kina kwa namba mbili na uache dakika zilivyo. Akisema hakusikia tofauti yoyote, usikimbilie kuongeza nguvu. Badilisha mahali au pembe ya goti kwanza, halafu ndipo upandishe kwa namba moja, tena kama hana fatleki ndani ya siku mbili.